Si Kila Mkono Juu ya Ringi ni Wizi

Kila Machi, mashindano ya mpira wa kikapu ya vyuo vikuu vya Marekani yanapopamba moto, ugonjwa uleule hurudi. Mchezaji mrefu anaruka, mkono unafika juu ya ringi, mpira unagongwa, na kabla refa hajaitia filimbi mdomoni kijiwe kizima kimeshatoa hukumu: "Goltendingi hiyo! Wameibiwa!" Mpira umeguswa ukiwa unapanda: goltendingi. Mtu ametikisa nyavu: goltendingi. Mkono umepenya kikapu kutoka chini: goltendingi vilevile. Neno moja limefanywa dekio la kufutia kila kitu.

Napinga tabia hiyo, na naipinga hapa mbele ya wapenda vitabu, kwa sababu kosa lenyewe ni la usomaji kabla halijawa la michezo. Kanuni za mpira wa kikapu ni maandishi. Zina vitenzi, zina masharti, na zina neno mojamoja linaloweza kugeuza matokeo ya mchezo mzima. Sisi tunaoweza kubishana usiku kucha kuhusu kauli moja ya mhusika wa riwaya hatuna udhuru wa kusoma kanuni kwa uvivu. Hoja yangu ni hii: makosa tunayoyatupia jina moja ni mawili tofauti. Na kwa kuwa hatuyatenganishi, tunamlaani refa pale alipokuwa na hoja, halafu tunamsahau pale alipokosea kweli.

Kuna wanaojitetea kwamba mambo haya hayasemeki kwa Kiswahili. Eti ni ya Kimarekani mno, yabaki hukohuko. Hapana jamani. Kiswahili kina kila kinachohitajika, na kwa kweli kina zaidi. Kosa la kwanza, hilo linaloitwa goltendingi, mimi naliita kukatiza: mpira una safari yake, wewe unaikatiza. Kosa la pili naliita kuingilia kikapu. Ukipata majina bora zaidi, yalete. Ila usiniletee jina moja kwa vitu viwili.

Kukatiza ni kosa la wakati. Kitabu cha NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu kule, kinaweka masharti, na yote lazima yatimie kwa pamoja. Mpira uwe umetupwa kwa nia ya kufunga. Uwe unashuka. Uwe wote mzima juu ya usawa wa ringi, si nusu juu na nusu chini. Na uwe na uwezekano wa kuingia. Likikosekana sharti moja tu, kosa hilo halipo. Mpira wa mtupo wa kawaida unaopanda uzuie upendavyo. Pasi iliyorushwa juu ya ringi ili mwenzake aidake hewani haihusiki, maana si mtupo wa kufunga. Mtupo mfupi ambao hauwezi kabisa kuingia, uguse, hakuna atakayekuuliza.

Kuna nyongeza mbili ambazo watu hawazikumbuki. Ya kwanza ni ubao. Mpira ukigonga ubao ukiwa juu ya usawa wa ringi, kitabu cha vyuo kinauhesabu kuwa umeshaanza kushuka, hata kama macho yako yanaapa kwamba bado unapanda. Ya pili ni mtupo wa adhabu. Huo hauguswi njiani, upande au ushuke.

Anayetaka kujua uzito wa sharti la wakati amkumbuke Hasheem Thabeet. Kijana wa Dar es Salaam, urefu wa mita 2.21, aliyechezea Chuo Kikuu cha Connecticut tangu 2006 hadi 2009. Katika msimu wake wa mwisho alizuia kwa wastani zaidi ya mitupo 4 kwa mchezo, timu yake ikafika nusu fainali ya taifa, na mwaka huohuo wa 2009 akachaguliwa wa pili katika orodha nzima ya walioingia NBA. Watu husema ni urefu. Urefu ulimsaidia, nani anabisha? Lakini mtu wa mita 2.21 anayegonga mpira uliokwisha kuanza kushuka anawapa wapinzani pointi, basi. Mkono uleule, mruko uleule, kuchelewa kufumba na kufumbua, na kazi nzuri inakuwa zawadi kwa adui. Thabeet aliishi kwenye mpaka huo kwa miaka 3 na mara nyingi mno alifika kabla ya saa. Anayeona kila mpira uliozuiwa juu ya ringi akapiga kelele za goltendingi anamnyima mtu kama huyo ufundi wake.

Kosa la pili ni la mahali. Hapa swali la kupanda au kushuka halina maana tena. Kitabu kinatutaka tufikirie mcheduara, yaani umbo kama la pipa lisilo na vifuniko, ambalo kitako chake ni ringi yenyewe, upana wake kama sentimita 46, na linalopanda wima kuelekea paani. Pipa hilo halionekani. Halikuchorwa popote, halina utepe wala taa. Lakini mpira ukiingia mle, hata kipande chake tu, ni mwiko kuugusa. Ni mwiko pia kuugusa mpira uliokaa juu ya ringi, na kugusa ringi au nyavu wakati mpira uko juu au ndani ya kikapu. Kupenyeza mkono ndani ya kikapu kutokea chini na kuugusa mpira kabla haujaingia ni mwiko, na hivyohivyo kuvuta ringi inayonesa ikaugusa mpira kabla haijarudi mahali pake. Anayedanki hana kosa, kwa sababu mkono wake uliingia mle ukiwa tayari umeushika mpira kihalali.

Angalia jinsi Kiswahili kinavyotusaidia. Kosa la kwanza linaulizwa kwa kitenzi: unapanda au unashuka? Kosa la pili linaulizwa kwa pale, kule na mle. Mtoto wa shule ya msingi anazijua tofauti hizo. Mtangazaji mwenye kipaza sauti mbona azikose?

Adhabu nazo zinafuata upande, na hapa pia kelele huwa nyingi kuliko maarifa. Akikosea anayelinda, kikapu kinahesabiwa kama kwamba mpira uliingia: pointi 2, au 3 kama mtupo ulitoka nje ya mstari wa mbali. Akikosea anayeshambulia, pointi hazihesabiwi na mpira unakwenda kwa wapinzani. Ndiyo, mshambuliaji naye hukosea. Nimeshasikia mtu mzima akiapa kwamba timu haiwezi kuadhibiwa kwa kugusa mpira wake yenyewe. Inaweza, na huadhibiwa.

Kuna jambo jingine linalotuchanganya sisi wa huku, na hili si la uvivu, ni la malezi. Ligi zetu za Tanzania na Kenya huchezwa kwa kanuni za FIBA, na katika FIBA pipa lile halipo. Mpira wa mtupo wa kawaida ukishagusa ringi, mchezaji yeyote, wa upande wowote, ana ruhusa ya kuugonga ukiwa unazungukazunguka pale juu, ilimradi haguzi kikapu chenyewe. Beki hodari wa FIBA hufundishwa kuupangusa mpira pale. Mpeleke beki huyohuyo kwenye chuo cha Marekani, afanye alichofundishwa, na refa atapuliza filimbi na kuwapa wapinzani pointi. Kwa hiyo unaposema "lakini mpira ulishagusa ringi!" unasema kweli ya kitabu kingine. Umeingia msikitini na kanuni za kanisani, halafu unamshangaa imamu.

Najua jibu la wale wanaojiita watetezi wa wachezaji. Wanasema kanuni zote hizi zilitungwa kuwafunga kamba warefu na wenye vipaji, kwa hiyo hazistahili heshima. Hoja hiyo ina nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ndiyo yenye madhara, kwa hiyo tuipasue tuione.

Ni kweli kwamba kanuni hizi zina miili ya watu nyuma yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1940, George Mikan wa DePaul na Bob Kurland wa Oklahoma A&M walikuwa warefu kiasi kwamba waliweza kusimama karibu na kikapu chao na kuipangua mitupo ikiwa juu ya ringi, mita 3.05 kutoka ardhini. Kuanzia msimu wa 1944–45 kukatiza kwa anayelinda kukapigwa marufuku. Katikati ya miaka ya 1950 akaja Bill Russell wa Chuo Kikuu cha San Francisco, ambaye aliweza kuisindikiza hadi ndani mitupo ya wenzake. Kufikia msimu wa 1957–58 washambuliaji nao wakafungiwa mlango huo. Kisha, baada ya msimu wa kwanza wa Lew Alcindor katika timu kubwa ya UCLA, mtu ambaye dunia ilikuja kumjua kwa jina la Kareem Abdul-Jabbar, vyuo vilipiga marufuku kudanki kuanzia msimu wa 1967–68. Marufuku hiyo ilidumu hadi 1976. Alcindor mwenyewe alisema waziwazi kwamba aliiona harufu ya ubaguzi ndani yake.

Basi tutenganishe. Marufuku ya kudanki ilichukua kitendo halali, cha ustadi, kinachomalizia shambulizi, ikakifanya kosa. Haikuokoa chochote. Ilistahili kufa na imekufa. Lakini marufuku ya kukatiza iliuokoa mchezo wenyewe. Kama mtu mmoja anaweza kusimama chini ya kikapu na kuchuma kila mpira kama embe, wengine 9 uwanjani wanafanya nini? Anayeziweka kanuni hizi mbili kapu moja kwa sababu zote zilizaliwa na miili mirefu anarudia kosa lilelile la kijiweni: jina moja kwa vitu viwili. Mikan hakufifia baada ya 1944, na Kurland na timu yake walitwaa ubingwa wa taifa mwaka 1945 na 1946, kanuni ikiwa tayari inatumika. Warefu hawakuuawa. Walitakiwa waruke mapema zaidi, basi.

Sasa twende kwenye michezo miwili ambayo hutajwa kila mjadala huu unapowaka.

Tarehe 19 Machi 2015, mjini Louisville, SMU ilikuwa inaongoza dhidi ya UCLA kwa pointi 2, zikiwa zimebaki sekunde kama 13. Bryce Alford wa UCLA alirusha mtupo wa pointi 3. Ulikuwa mfupi na ulikwenda pembeni. Yanick Moreira, Mwangola mrefu wa SMU, aliruka kuudaka kana kwamba ni mpira uliokwisha kukosa, akaugusa karibu na ringi ukiwa unashuka. Filimbi ikalia. Kukatiza. Pointi 3 kwa UCLA, na matokeo ya mwisho yakawa 60 kwa 59. Kijiweni mchezo huu ndio mama wa wizi wote. Picha hurudiwa, watu huonesha kwa kidole: tazama, mpira haukuwa unaingia!

Inawezekana kabisa kwamba haukuwa unaingia. Mimi mwenyewe nisingeweka shilingi yangu juu ya mtupo ule. Lakini rudi kwenye maandishi. Kitabu hakimuulizi refa kama mpira ungaliingia. Kinamuuliza kama ulikuwa na uwezekano wa kuingia. Msemaji wa Kiswahili hahitaji mwanasheria kumweleza tofauti ya maneno hayo. Kusema ungaliingia ni kudai kwamba unajua kilichofuata katika dunia ambayo haikutokea. Kusema ulikuwa na uwezekano ni kukiri kwamba hujui, na kwa sababu hujui, aliyeufuta uwezekano huo ndiye atakayelipa. Kanuni imeandikwa kumnyima mlinzi faida ya shaka. Unaweza kuiona kali, sawa. Unaweza kutaka neno libadilishwe, na hapo tutazungumza. Lakini refa aliyeona mpira unashuka, wote juu ya usawa wa ringi, karibu kabisa na ringi, na mkono wa mlinzi juu yake, hakumwibia mtu. Alisoma kilichoandikwa, kwa jicho moja, kwa sehemu ya sekunde. Moreira mwenyewe baada ya mchezo alijilaumu kwa kutouacha mpira uguse ringi kwanza. Aliyeumia kuliko wote alikuwa msomaji mwadilifu kuliko sisi tuliokuwa kwenye makochi.

Miaka 2 baadaye, tarehe 18 Machi 2017, mjini Salt Lake City, likatokea lile ambalo ndilo lilipaswa kututoa machozi. Northwestern, chuo ambacho hakikuwahi kuingia mashindano hayo hata mara moja kabla ya mwaka ule, kilikuwa kinaifukuzia Gonzaga baada ya kuachwa mbali sana. Pengo lilikuwa limebaki pointi 5, na mchezo ulikuwa umebakiza kama dakika 5. Dererk Pardon wa Northwestern akaupeleka mpira kikapuni. Zach Collins wa Gonzaga akapenyeza mkono ndani ya kikapu kutokea chini, vidole vikatokeza juu ya ringi, akauzuia mpira. Hilo si suala la kupanda wala kushuka. Halina uwezekano wala ungaliingia. Ni kosa la mahali, limeandikwa neno kwa neno kitabuni, na kila aliyeona marudio aliuona mkono pasipo ruhusa.

Filimbi haikulia.

Kocha wa Northwestern, Chris Collins, aliingia uwanjani kwa hasira, na yeye ndiye aliyeadhibiwa. Gonzaga ikapewa mitupo miwili ya adhabu na ikafunga yote. Kikapu cha Northwestern ambacho kingeacha pengo la pointi 3 hakikuhesabiwa, na pengo likawa 7. Mchezo uliisha 79 kwa 73. Baada ya mchezo NCAA ilikiri kwamba waamuzi walikosea. Gonzaga iliendelea hadi fainali ya taifa. Siwezi kusema Northwestern ingeshinda, maana hiyo ni ile -nge- niliyokwisha kuonya dhidi yake. Nasema tu kwamba walinyimwa walichostahili kwa maandishi, na ungamo lilikuja wachezaji wakiwa wameshavua viatu.

Sasa niambie: kwa nini wa 2015 ndio unaoitwa wizi, na wa 2017 unatajwa kama kisa cha kocha mwenye hasira? Kwa sababu filimbi iliyolia ina sauti na filimbi iliyonyamaza haina. Tumezoea kuhukumu kinachosikika. Mwamuzi aliyeamua kitu tunamrarua, aliyenyamaza tunamsamehe, kama kwamba kunyamaza si kuamua.

Na kosa hili si letu peke yetu. Watunga kanuni nao walilifanya. Walipofungua mlango wa video kwa makosa haya katika mchezo wa wanaume mwaka 2019, waliruhusu marudio katika dakika 2 za mwisho na muda wa nyongeza, pale ambapo kosa limeshapulizwa. Soma tena: limeshapulizwa. Yaani kanuni hiyo ingekuja mapema, ingeweza kumsaidia Moreira mwaka 2015. Pardon isingemsaidia hata kidogo: dakika zilikuwa bado, na filimbi haikulia. Watunga kanuni waliponya jeraha lililopiga kelele. Kisha mwaka 2025 makocha wa wanaume wakapewa haki ya kupinga uamuzi wa aina hii wakati wowote wa mchezo. Ni hatua, na naipokea. Lakini ili kocha apinge lazima awe na taimauti mkononi. Aliyekwisha kuzitumia kuiokoa timu yake afanyeje? Haki ya kuhesabiwa kikapu chako haifai kuwa akiba unayoweza kuimaliza.

Watakuja wa kulalamika kwamba ukaguzi mwingi utauchosha mchezo. Wenzangu, mchezo huo unasimamishwa mara kadhaa kila kipindi ili matangazo ya biashara yapite. Kama kuna muda wa kuuza bia na magari, kuna muda wa refa kutazama kama mkono ulipita ndani ya ringi. Ninachodai ni sentensi moja tu iongezwe kitabuni, iandikwe waziwazi: ukimya wa filimbi ni uamuzi kama mlio wake, na unakaguliwa kwa haki ileile, bila kumtoza kocha taimauti.

Nasi tuna sehemu yetu. Machi ijayo, mkono ukipanda juu ya ringi, kabla hujapiga kelele jiulize mambo matatu. Mpira ulikuwa unapanda au unashuka? Ulikuwa wapi, nje ya lile pipa au mle ndani? Na ni kitabu kipi kinachotumika leo, cha FIBA au cha vyuo? Ukishajibu, piga kelele upendavyo, hata mimi nitakusaidia. Na filimbi isipolia, usigeuze macho haraka kuufuata mpira. Tazama tena kikapu. Pengine kuna vidole vimetokea chini.